Mlango Ulipogongwa

Jamani, mimi nawadharau sana wanaosoma riwaya za upelelezi kama wanaobugia maandazi. Ndiyo maana nilipostaafu ualimu, nikajiunga na wasomaji wenzangu kwenye kijiwe cha kahawa hapa Kariakoo. Nilikwenda kuwafundisha.

Juzi tulikuwa na riwaya moja, na nakala yangu chakavu niliinunua kwa machinga pale Mnazi Mmoja.

"Mlango unagongwa, kitabu kinaisha, muuaji hajulikani!" niliwaambia. "Huo ndio ufundi. Nyie mmezoea kutafuniwa."

Wakatazamana. Nikajua nimewaacha mbali, nikazidi kuwahurumia kwa sauti kubwa mpaka kahawa yangu ikapoa.

Bi Mwanaidi, nesi mstaafu, alinisubiri nimalize. "Mwalimu, hebu nione hicho kitabu chako."

Akakifungua mwishoni, akapitisha kidole kwenye vipande vya kurasa zilizochanwa, vilivyobaki mgongoni mwa kitabu.

"Wanaogonga ni polisi," akasema kwa upole, kama anayempa mgonjwa majibu. "Muuaji anakamatwa sura inayofuata. Sisi wote tumeisoma. Ya kwako, mpelelezi wetu, wameifungia karanga."