Mgeni wa Adhuhuri na Gari Lisilo na Matairi

Usiniamini kwa kuwa nasimulia vizuri. Niamini kwa kuwa yalinifika mimi, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu.

Zama za Mtaliani nilikuwa nauza magari Kisimayu. Kwetu ni Ngumi, kisiwa kisicho na hata baiskeli, lakini kazi ni kazi. Kila adhuhuri bwana wangu Mtaliani alikuwa akifunga duka na kwenda kulala, nami nikibaki ndani, maana sikuwa na pa kwenda. Mke wangu alikuwa amefariki, jamaa zangu wote wako visiwani. Siku nyingine, wallahi, nilikuwa nayaamkia magari.

Siku hiyo, mlango umefungwa, nikasikia: "Hodi! Hapana mchu humu?"

Kibajuni safi, lugha ya kwetu visiwani, "mchu" badala ya "mtu"! Nilifurahi hata nikasahau kujiuliza kaingiaje. Alikuwa mwanamume wa makamo, kikoi cheupe, uso mpole. Akapanda gari lililokuwa juu ya magogo, likingoja matairi yaje na meli.

"Nipeleke kwetu, ndugu yangu."

"Hili haliendi, bwana."

"Washa tu."

Nikawasha. Likaenda. Unadhani niliogopa? La. Nilikuwa nimepata wa kuzungumza naye, basi. Tukapita mji mtupu, tukashika njia ya mchanga, nami namweleza habari za marehemu mke wangu, mambo ambayo sikupata kumwambia mtu. Yeye anasikiliza tu.

Tukafika penye nyumba za makuti. Watu wamekaa barazani, kila mmoja peke yake, wametupa mgongo. Hakugeuka hata mmoja.

"Ni kina nani hawa?"

"Wachu wasio na wachu," akasema. Akanionyesha baraza tupu. "Na pale ni pako."

Nisikufiche, nilitaka kushuka. Nikateremsha mguu mmoja. Jua liko utosini, lakini mchanga ulikuwa baridi kama maiti. Nikapiga ukelele: "Bismillahi!"

Nikajiona dukani, nimekaa garini, Mtaliani ananitikisa. Kumbe magharibi imeshaingia.

Niliacha kazi nikarudi Ngumi. Mguu ule haujapata moto mpaka leo. Mke niliyemwoa baadaye huukanda kwa mafuta ya nazi, wapi! Na ikifika adhuhuri, sikai ndani peke yangu.

Nawe unayeishi ugenini, tafuta mtu wa kuamkiana naye, hata kama hakupendezi. Usipomtafuta, wako watakaokutafuta wao, na watakuja wakisema lugha ya kwenu.