Mwalimu Kulwa na Darasa la Watu Wazima

Siamini bado kwamba Mwalimu Kulwa hayupo. Na kuna kitu sikumwambia mtu hadi leo, hata mama: nilidanganya umri ili niingie darasa lake la uchoraji.

Fomu ya nyumba ya sanaa ya Kiseke, alikofundisha, ilisema watu wazima tu. Nikaandika ishirini na moja. Nina kumi na sita, niko kidato cha tatu.

Jumamosi ya kwanza Mwalimu alipoingia, nilisimama wima kama tuko shuleni. Peke yangu. Kisha nikamwamkia kila mtu shikamoo, hadi Neema, fundi cherehani.

"Dada, mimi nina ishirini," Neema alisema. "Unanizeesha."

Darasa zima likacheka. Mwalimu akanipa brashi. "Kaa, mtu mzima. Kazi ipo."

Alikuwa mzaliwa wa Nansio, kule kisiwani, na kwangu hakuna mchoraji mkubwa kama yeye. Alitufundisha kufinya macho mpaka vibaki mwanga na kivuli tu. Wiki tatu alitukataza rangi ya bluu. "Ziwa mnalichora kwa kukariri. Litazameni kwanza." Tukaenda ufukweni, tukatazama. Kumbe lina kijivu, kijani, hata kahawia.

Mawe niliyochora mara ya kwanza aliyaangalia muda mrefu. "Haya maandazi ni ya nani? Jiwe halina mstari pembeni. Anza na kivuli."

Nikaanza na kivuli. Jiwe likatokea. Sikulala vizuri kwa furaha.

Kila wiki nilipanga kumwambia ukweli. Nikaogopa atanitoa, na hakuna mahali pengine ninapoongea bila kutetemeka. Jumatano iliyopita akafariki ghafla.

Msibani, Buhongwa, mke wake alinishika mkono. "Wewe ndiye yule anayesimama? Alikuwa anarudi anacheka: leo mtoto wangu wa miaka ishirini na moja kachora jiwe."

"Kwa hiyo alijua?"

"Tangu siku ya kwanza, mwanangu."

Nilicheka na kulia kwa pamoja.

Asante kwa kuninyamazia, Mwalimu. Mikono yako imefanya kazi sana, sasa ilale salama.

Leo asubuhi nimemweleza mama yote. Amenigombeza, kisha tumekwenda Kiseke. Nimejaza fomu upya: kumi na sita. Dada wa mapokezi ameingia ndani kuuliza, akarudi akasema darasa litaendelea na naruhusiwa, ila niwe naingia na mzazi. Mama akaomba fomu nyingine, akajaza yake.