Jiwe la Kumi na Moja

Saa mbili asubuhi, ukungu bado umekaa ndani ya kanisa kuu la Hautefresne. Juu ya jukwaa, mita ishirini na nane kutoka sakafuni, Ghislaine Delattre anagonga mawe ya ubavu mmoja wa dari kwa nyundo ya mbao, moja moja, kila mara akitega sikio.

Jiwe zima hulia kama kengele. La kumi na moja halilii. Linatoa sauti nzito na, baada ya kimya kidogo, sauti nyingine, kama mtu anayebisha kwa ndani.

"Masikio yamezeeka hayo, dada," anatania Firmin, mwenzake wa miaka mingi. "Mashine ya kupimia mawe imesema jiwe ni zima. Ijumaa tunashusha jukwaa, tukanywe supu yetu kwa amani."

"Njoo basi usikilize, wewe mwenye masikio mabichi."

Firmin anagonga mara moja. Hataki kugonga tena.

Ghislaine, 51, amekuwa mwashi kwa miaka thelathini na moja. Matao haya yaliyochongoka yalianzia huku huku kaskazini mwa Ufaransa, karibu miaka mia tisa iliyopita: mbavu za mawe zikabeba dari, kuta zikaachiwa vioo. Chini ya ubavu huu huketi watoto wa kwaya.

"Mashine haina mjukuu kwenye kwaya," anasema. "Mimi ninaye."

Msimamizi wa kazi anampa siku moja tu ya kulichunguza.

Alhamisi wanaegemeza tao kwa magogo na kulitoa jiwe. Upande uliofichika una ufa mrefu, umezibwa kwa chokaa na vumbi la mawe, ukasuguliwa kwa subira. Kando yake kuna alama ya aliyelichonga: samaki asiye na mkia.

Ghislaine anakaa chini. "Alijua," ananong'ona. "Huyu bwana alijua, na akaliweka."

Alama hiyo anaifahamu. Akiwa kijana, akifanya kazi Uhispania, aliiona katika kanisa lililojengwa miaka michache baada ya hili. Mafundi wa huku walisafiri na matao yao hadi Uingereza, Ujerumani, na huko Uhispania. Wengi waliitwa. Huyu, anahisi Ghislaine, aliondoka kwa haraka.

Sasa jiwe liko karakana, limefunikwa gunia. Firmin huzunguka mbali kulikwepa. Ghislaine anachonga jingine, na likizo ya Pasaka atakwenda Uhispania na nyundo yake, ameshawaandikia barua wasimamizi wa kanisa lile.

"Nitamgongea mawe yake yote, moja moja," anasema. "Nadhani amechoka kubisha."