Mbonea na Kibao cha Kutobolea Kalamu

Bado kichwa kinakataa. Mbonea, fundi seremala wa Same, rafiki yangu tangu tukiwa na meno yote, tumemzika juzi.

Wengi mnaosoma hapa hamjui kwamba enzi za Ujamaa mimi ndiye niliyebuni kifaa cha kutobolea kalamu za mbao, kijiji kizima kikaandika.

Haya, basi. Alibuni yeye. Mimi nilikuwa napuliza vumbi la mbao, na mara nyingi nilimpulizia machoni.

Tulikuwa tumeshuka kutoka Vudee kwenda kijiji cha ujamaa kule tambarare, upande wa Bendera. Kina mama wanajifunza kusoma, wanaandika kwa mkaa. Likaja boksi la mirija ya wino, kalamu zenyewe hazimo. Mwenyekiti akaja nalo wekshopu. "Ndugu mafundi, mirija hii hapa. Miti mnayo. Kujitegemea ndiko huku."

Kuchonga si kazi. Kazi ni tundu. Kijiti chembamba kama kidole, upitishe keekee katikati kwa urefu wote. Ikiyumba kidogo tu inatokea ubavuni. Siku ya kwanza tulitengeneza kuni nzuri sana.

Mbonea akaunda kibao. Mfereji wa kulaza kijiti, kabari ya kukibana, na mbele yake kigingi chenye tundu la kuiongoza keekee. Safi. Ila kigingi kilikuwa cha msonobari, kikawa kinalika. Kalamu chache tu, tundu limepanuka, keekee inacheza.

"Kigingi kinataka mti mgumu," akasema. "Wa mshitu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Mshitu ni msitu wa ukoo wao kule Vudee, watu hawaingii na shoka. Wazee wa zamani wamo mle. Hata mchungaji wa kanisa alikuwa akipita pale anavua kofia, eti anasikia joto, kwenye baridi ile.

Lakini Mbonea alikuwa na hesabu zake. Aliyetuzungushia keekee alikuwa Lukasi, mtu wa Songea aliyeacha kukata mkonge. "Lukasi si wa kwetu," akaninong'oneza. "Msitu haumjui. Akiingia yeye, hakuna aliyeingia."

Tukapanda Vudee. Lukasi akaingia, mchana, ukungu umelala chini. Sisi tukabaki njiani. Tukasikia shoka. Kisha ndege wakanyamaza, na shoka nalo likanyamaza. Alikawia. Alipotoka na kigogo begani alituuliza kwa upole, "Mbona hamkuniambia mle ndani kuna watu?"

Mbonea akasema twendeni, kazi inangoja.

Shangazi yake Mbonea alituona tukishuka. Alikuwa anapukuchua maharage, hata hakuinuka. "Huo mti hautakauka," alisema. "Utawangoja."

Nikamwambia, "Shikamoo shangazi. Wanaongoja ni kina mama, wanataka kalamu." Hakuitikia marahaba. Aliniangalia mimi peke yangu.

Kigingi kile kiliongoza keekee kama reli. Kalamu zilinyooka, kina mama wakaandika majina yao. Ila kila asubuhi tulikikuta na unyevu. Tunafuta, kesho tena. Kiangazi kile kila mbao ilipasuka kwa jua, kigingi kinatoka jasho.

"Ni utomvu," alisema Mbonea.
"Utomvu wa baridi hivi?"
"Puliza vumbi, wewe."

Kabla ya masika Lukasi alikwenda bwawa la Nyumba ya Mungu kujaribu uvuvi. Mtumbwi wake ulirudi. Yeye hakurudi.

Sisi tukaendelea kutoboa. Mbonea akataka kuoa, wakwe wakamkataa, wakasema binti yao hawezi kulishwa vumbi la mbao. Mimi ndiye nilikuwa mshenga. Niliwasemea mpaka mate yakanikauka, nikawadanganya hata kwamba haponi bila yule binti. Wakamtoa. Siku ya harusi akanishika shingo: "Una neno moja kwangu. Siku ukihitaji mtu wa kukusemea, nitakusemea." Nikamjibu mdomo wangu unanitosha.

Kibao alikaa nacho yeye miaka yote. Wiki iliyopita alinipigia simu. Hakunisalimia, wala hakunitukana kama kawaida yake. "Kibao kimezidi," akasema. "Sasa kinadondosha." Nikamwambia aweke ndoo, achote maji ya kuoga.

Walimkuta amekaa kwenye meza yake ya kazi, mkono uko juu ya kile kibao. Hospitali wanasema ni moyo. Sawa, ni moyo. Mkono ulikuwa umelowa.

Jana, Mbonea, mwanao amekuja hapa kwangu na kitu kimefungwa kwa gazeti. Gazeti limelowa. "Baba aliagiza upewe, mzee."

Asante sana, rafiki. Nimekiweka banda la kuku. Kuku wamehama, wamelala juu ya paa la choo.

Ningekirudisha mshituni, lakini magoti haya hayapandi tena Vudee, na safari hii simtumi mgeni. 

Kwa hiyo lala, mzee mwenzangu, pumzika na randa zako. Lakini usifumbe macho kwanza. Mimi nilikusemea kwa wakwe zako. Wewe nisemee kwa wazee wa mshitu. Na Lukasi akiwepo, mwombe naye aniunge mkono.

Waambie mimi sikubuni kitu. Nilikuwa napuliza vumbi tu.