Kitufe cha Futa

Ocaya alizaliwa katika kambi ya polisi, na marehemu baba yake, mpelelezi, hakuchoka kuwaambia wanawe: usiandike kosa la mtu kabla hujafika mahali pa tukio. Ocaya alikuwa fundi wa programu za kompyuta, na siku wosia huo ulipohitajika akausahau.

Alikuwa ameitengenezea kliniki moja ya Kyebando, mtaa wa Kampala, programu ya kuandikisha watoto wa chanjo. Karani alikuwa Awiti, mama wa Kikenya, mpole, mwenye mwandiko mzuri. Baada ya wiki tatu ikaonekana kuwa baadhi ya majina yanapotea. Wazazi walirudi na watoto mgongoni, wakaambiwa hawamo. Nuriat, mwenye kliniki, akampigia Ocaya simu.

Ocaya hata hakuinuka kitini. Aliomba atumiwe kumbukumbu za programu, akasoma: kitufe cha Futa kimebonyezwa. Mara kumi na tisa.

"Mimi nabonyeza Sawa tu, nikimaliza kuandika," Awiti alimwambia kwa simu. "Kuja uone."

"Mama, kompyuta haina sababu ya kusema uongo."

Alijiona mjuzi kwelikweli. Ijumaa hiyo Awiti akafukuzwa kazi.

Mwezi uliofuata Ocaya alikwenda kumfundisha karani mpya. Akaandika jina la mfano, ujumbe wa kuthibitisha ukatokea, akabonyeza Sawa. Jina likatoweka mbele ya macho yake. Kioo cha kompyuta ya pale, cha kugusa kwa kidole, kilikuwa kidogo kuliko cha kwake, na Sawa ya ujumbe ilifunika Futa barabara. Ujumbe ulijifunga kidole kikigusa Sawa tu. Kidole kikikawia kidogo kuinuka, Futa iliyokuwa chini yake ilipokea mbonyezo usio wake. Kikulacho ki nguoni mwako: ni yeye aliyeviandika vitufe vyote viwili. Kurekebisha kulichukua dakika kumi.

Nuriat alisikitika, lakini nafasi ilikuwa na mtu tayari. Ocaya akamfuata Awiti sokoni Kalerwe, alikouza nyanya, akamweleza yote akiwa amesimama, uso umemshuka kwa aibu.

"Mwanzo nilijua si mimi," Awiti alisema. "Lakini wewe ndiye umesoma. Nikaamini mkono wangu ni mbaya. Mwanangu Dolphine akileta daftari ya shule nimwandikie jina, namwambia aandike mwenyewe."

Ocaya alisema pole, akarudia, na pole haikufika popote. Alirudi nyumbani kwa miguu, akapita mlangoni pa kliniki. Kutoka hapo hadi kwake ni mwendo wa dakika kumi na mbili, mwendo ambao siku ile ya simu hakuutembea.