Maji ya Kujaribu Beseni

Nikisikia harufu ya plastiki inayoungua, huwa natazama sakafu kwanza.

Mama alikuwa anaziba ufa wa beseni letu. Alipasha kisu moto kwenye mbabula, jiko letu la makaa, akayeyusha kipande cha bidoni, dumu la plastiki la maji, na kukikandamiza juu ya ufa. "Usipulize, itapasuka tena," aliniambia. Kisha akajaza maji tuone kama yatavuja.

Hayakuvuja. Yalikuwa yanatetemeka.

Ndipo tukasikia nyundo chini ya sakafu. Jirani alikuwa anachimba kobalti kwake, na shimo lake lilikuwa limefika chini ya nyumba yetu.

"Toka, mutoto," mama alisema kwa sauti ya chini. "Pita ku ukuta. Usikanyange pa katikati."

Leo nimeziba beseni langu na kulijaza maji. Halivuji. Bado nimeliinamia nikiyatazama maji kama yatatulia, na nimewaambia wanangu wasitembee kwanza.