Fundi Abdulmajid na Albamu ya Mwisho ya Radi

Kwa zaidi ya miaka thelathini Abdulmajid Pazi, fundi saa, alitufundisha sisi wa kibarazani jinsi ya kuielewa albamu ambayo karibu sote hatujawahi kuisikia. Hakuna aliyemwomba. Ulikuwa unapeleka saa ibadilishwe betri, unaondoka na mhadhara.

Kibaraza ni cha duka la vitambaa la Fatehali, mtaa wa pili kutoka soko la Morogoro. Abdulmajid aliweka meza yake pale tangu enzi za marehemu baba yake Fatehali: kisanduku cha kioo, mikanda ya saa, na saa chache ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Siku hizi kila mtu anatazama saa kwenye simu, kwa hiyo kazi ni haba na nafasi ya kuongea ni tele. Sisi wengine, wastaafu wanne watano, hufika baada ya alasiri kunywa kahawa. Mimi nimefundisha jiografia maisha yangu yote, na sikuwahi kupata darasa lililokosa pa kukimbilia kama lile.

Somo lilikuwa Radi. Kwa asiyewajua, Radi walikuwa vijana watano wa Bigwa waliopiga rock miaka ya sabini, nywele kama vichaka, suruali za bugaluu zinazofagia njia, magitaa ya umeme yenye makelele ya kuwatoa wazee majumbani wakidhani transfoma imelipuka. Walitoa albamu tatu. Mbili za kwanza kila mtu wa rika letu amezicheza. Ya tatu na ya mwisho, Ukungu, waliirekodi Nairobi mwaka sabini na sita. Zilitoka nakala chache, bendi ikavunjika mwezi huohuo, na mwimbaji wao, Mwinjuma, akaugua na kufariki baada ya miaka miwili. Mtandaoni haipo. Vijana wameitafuta wakachoka.

Abdulmajid alikuwa nayo kwenye kaseti. Aliitunza ndani ya soksi, soksi ndani ya kopo la maziwa ya unga, na hakumpigia mtu yeyote. Alisema utepe umechoka na hauwezi kuchezewa ovyo kwa watu wasio na masikio. Yeye mwenyewe aliisikiliza Ijumaa mojamoja, mlango umefungwa. Mkewe, Mwanahawa, alikuwa anahamia kwa jirani mpaka imalizike.

"Ukungu ni albamu ya watu walioona mwisho wao," alikuwa anatuambia, lenzi bado iko jichoni. "Chukua wimbo wa tatu. Sauti ya Mwinjuma imeshuka chini kabisa, kama mtu anaongea kutoka kaburini. Anasema, 'Nimechoka, nasubiri.' Anarudia, 'Nimechoka, nasubiri.' Anasubiri nini? Mauti! Na Alois kwenye besi anatembea taratibu, hatua kwa hatua, kama amebeba jeneza."

Hapo sauti ya Fatehali ilikuwa inatoka ndani ya duka, nyuma ya majora ya vitenge: "Ule wimbo wa suruali, Fundi?"

"Mnamsikia?" Abdulmajid alikuwa anatuuliza. "Mtu amekaa na futi kamba miaka yote, mtamweleza nini kuhusu huzuni?"

Fatehali ndiye pekee kati yetu aliyewahi kuwa na santuri yenyewe. Aliinunua ujanani, dada yake alipohamia Uingereza akaondoka nayo. Msimamo wake haukubadilika hata siku moja: Ukungu ni albamu mbovu, imepigwa mbiombio kama watu wanaofukuzwa na nyuki, na Mwinjuma anaimba kama jogoo aliyekanyagwa. Abdulmajid akisikia neno "mbiombio" alikuwa anacheka kwa uchungu. Kila mmoja aliamini mwenzake ni kiziwi. Kuna mwaka walinuniana Ramadhani nzima, Fatehali akawa anampelekea futari kupitia kwangu, nami nikirudi nabeba matusi ya adabu.

Basi Januari mwaka huu akaja Zain, mpwa wake Fatehali, mtoto wa yule dada. Amezaliwa hukohuko Uingereza, Kiswahili chake kinachechemea, lakini shikamoo amefundishwa na anaigawa kwa kila mtu, hata kwa muuza karanga mwenye umri kama wake. Mama yake alikuwa amefariki, na katika kupanga vitu vyake Zain alikuta santuri ya Radi. Akaileta kwa mjomba, pamoja na mashine ndogo ya kuichezea.

Fatehali aliifuta vumbi kwa kipande cha hariri. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, nadhani kwa ajili ya dada yake. Kisha akamkumbuka adui.

"Fundi! Njoo usikie huzuni."

Tuliingia dukani wote. Zain akaweka sindano kwenye wimbo wa tatu. Gitaa likaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, ngoma zikalifuata, halafu Mwinjuma, kwa sauti nyembamba ya furaha, akaimba maneno ambayo hata mimi mwenye sikio moja bovu niliyapata wazi:

"Nimeshona kwa Shabiri! Nimeshona kwa Shabiri!"

Shabiri alikuwa fundi cherehani. Wa rika letu wote tunamkumbuka, alikuwa na duka karibu na stesheni.

Abdulmajid alisimama akiwa ameshika jora la khanga. "Mashine inakimbia," akasema. "Mwendo umezidi. Zain, baba, punguza."

"Iko sawa, mzee," Zain akajibu. "Hapa imeandikwa. Wimbo huu ni dakika tatu na sekunde arobaini."

Kumwambia fundi saa maneno hayo ni kumwita vitani. Abdulmajid alitoa mfukoni saa yake ya kupimia, ile ya mtihani wa mbio aliyowahi kumtengenezea mwalimu wa michezo asirudi kuichukua, akaamuru sindano irudishwe. Tukasikiliza tena ule wa Shabiri kama tuko msibani. Wimbo ulipokwisha alibonyeza, akatazama, akaipeleka saa sikioni kuhakikisha haijafa.

"Ngapi?" Fatehali akauliza.

"Tatu na arobaini," alijibu kwa sauti ndogo.

Hapo angeweza kunyamaza na mambo yakaisha. Badala yake alikwenda nyumbani kwa bodaboda, akarudi na kopo la maziwa na redio kaseti. Kwa mara ya kwanza tukaisikia ile Ukungu yake. Ilikuwa kweli kama alivyosema: nzito, ya kuburuza, sauti inatoka chini ya ardhi, "nimechoka, nasubiri." Mzee Ezekiel, aliyekuwa karani wa reli, alivua kofia. Saa ya kupimia ikasema dakika nne na sekunde ishirini na tano.

"Nani alikurekodia hii?" nikamuuliza.

"Marehemu Severini. Askari magereza wa Kingolwira. Aliazima santuri kwa mtu, akanirekodia."

"Mwaka gani?"

"Themanini na nne."

"Kwenye gramafoni ya umeme?"

"Ya betri."

Tukatazamana. Sote tuliishi mwaka huo. Betri zilikuwa hazipatikani. Uliyekuwa nazo ulizianika juani juu ya bati zipate nguvu kidogo, ukazirudisha, na santuri ikazunguka kwa kujikokota.

"Na redio ya kurekodia?" Fatehali akauliza polepole, kwa sauti ya mtu anayeona paa limeanza kuporomoka na hataki kulisumbua.

"Aliiwekea betri mpya. Kwenye gramafoni," Abdulmajid akalitazama kopo lake la maziwa, "kwenye gramafoni aliweka zile za kuanika."

Sijui nani alianza kucheka. Nilijitahidi kujizuia kwa heshima ya miaka mingi, nikashindwa, nikalazimika kukaa juu ya jora. Fatehali alijifuta machozi kwa hariri ileile. Fundi saa wa Morogoro, mtu anayeweza kukuambia saa yako inachelewa sekunde mbili kwa wiki, alikuwa amelia miaka arobaini juu ya betri zilizokwisha.

Yeye hakucheka. Alisubiri tumalize, kisha akatoa hoja ambayo mpaka leo silijui jina lake. "Severini alisikia kitu ambacho nyinyi hamkisikii," alisema. "Bendi ilikosea mwendo. Yeye akausahihisha."

"Betri zilisahihisha," alisema Fatehali.

"Tumuulize Alois."

Alois, mpiga besi, ndiye aliyebaki hai, na kila mtu anajua yuko Mkuyuni na migomba yake. Jumamosi Fatehali alitoa pikapu, tukapanda yeye, Zain, Abdulmajid na mimi, mashine moja na redio moja mapajani kama vielelezo vya kesi. Njiani Abdulmajid alitueleza jinsi msanii halisi anavyofahamu siri ya kazi yake.

Tulimkuta msanii halisi anafunga mashelisheli kwenye gunia. Mzee mfupi, kandambili mbili za rangi tofauti. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akatuuliza kama tumekuja kununua. Tulipotaja Radi alishangaa, akatukaribisha kwenye benchi, na tukampigia santuri kwanza.

"Lo!" akasema wimbo wa tatu ulipoanza. "Shabiri huyo! Alitushonea bugaluu sote watano bure, tukaahidi kumwimba. Kule studio walituambia muda umebaki kidogo, kuna kwaya inasubiri nje. Tukapiga mbio. Basi letu nalo lilikuwa linaondoka."

Fatehali alinitazama kwa utulivu wa mtu aliyeshinda kesi na kulipwa gharama zake. Abdulmajid akaweka kaseti.

Mzee Alois alisikiliza ameinamisha kichwa. Gunia lilianguka, mashelisheli mawili yakabingirika uani, hakuyafuata. Wimbo ukaisha.

"Hii nzuri zaidi," alisema.

Abdulmajid aliruka kutoka kwenye benchi. "Mmesikia? Mmesikia?"

"Hapa polepole unasikia vizuri," aliendelea mzee, "kila mahali nilipokosea."

Akakaa chini Abdulmajid, lakini si kwa muda mrefu. "Mzee wangu," alisema, "kwa heshima zote, wewe ulikuwa ndani ya bendi. Mtu wa ndani hawezi kuisikia albamu kama sisi tulioisoma. Yale si makosa. Ule ni uzito wa safari."

Nilitaka ardhi inimeze. Anamweleza mpiga besi besi yake mwenyewe! Mzee Alois alimwangalia kitambo, kama unavyomwangalia mteja anayekufundisha kuchagua ndizi.

"Haya, mwanangu," akasema. Kisha: "Rudisha kidogo. Pale anapoanza kuimba."

Abdulmajid alirudisha. Ile sauti ya kaburini ikaanza tena, na mzee akaisogelea redio mpaka sikio likagusa spika.

"Mwinjuma alipoanza kuumwa," alisema, "sauti ilimshuka hivi. Hivihivi. Alikuwa anaimba akiwa kitandani, mimi nampigia gitaa kavu. Nyimbo zilezile za utani. Hakuna aliyemrekodi, nani angekumbuka." Akaigusa redio kwa kiganja. "Niachie hii kaseti, mwanangu."

Nimemfahamu Abdulmajid miaka mingi na nimemcheka karibu yote, na nasema nilichokiona. Alikunja uso. Alifungua mdomo, nikajua anatafuta sababu: utepe umechoka, masikio ya watu, unyevu wa Mkuyuni. Kisha akaitoa kaseti, akaipuliza vumbi, akaikabidhi kwa mikono miwili. Na redio pia, maana mzee hakuwa na ya kaseti. Fatehali alijifanya anakagua tairi.

Tulirudi na mashelisheli ya zawadi nyuma. Nilidhani amebadilika. Tulipofika Bigwa akakohoa.

"Mmemsikia mwenyewe," alisema. "'Hii nzuri zaidi.' Neno lake la kwanza."

"La pili lilikuwa makosa," Fatehali akajibu, akibadili gia kwa nguvu isiyo ya lazima.

Zain alirudi kwao, santuri akamwachia mjomba wake. Fatehali, kwa ukarimu wenye sumu, alimwambia Abdulmajid aiazime wakati wowote. Abdulmajid akasema hiyo wampelekee mtu mwenye harusi. Kaseti iko Mkuyuni, hakuna anayeweza kuikagua, na tangu hapo wimbo wa tatu umekuwa ukinenepa. Wiki iliyopita alimweleza dada mmoja aliyeleta saa ya ukutani kwamba mwishoni kabisa, ukisikiliza kwa makini, Mwinjuma anamuaga mama yake kwa Kiluguru. Yule dada alitikisa kichwa kwa masikitiko, akauliza saa itakuwa tayari lini.

"Na Mwinjuma naye anauliza nini, Fundi?" Fatehali aliita kutoka ndani. "Suruali itakuwa tayari lini?"